Shajara ya Mradi: Kijitabu cha Kiswahili Kuhusu Benyamin, Mwandishi wa Kimalayalam wa Ughaibuni

12 Januari

Leo kazi imeanza rasmi. Kikundi chetu cha usomaji hapa Mombasa kimekubaliana kutoa kijitabu cha kurasa 40 kuhusu mwandishi mmoja, nami nimepewa jukumu la kukiandika na kuisoma rasimu mbele ya wenzangu kila mwezi. Mwandishi tuliyemchagua ni Benyamin, mzaliwa wa Kerala, jimbo lililo pwani ya kusini magharibi ya India, anayeandika kwa Kimalayalam na aliyeishi Bahrain kwa zaidi ya miaka 20. Sababu ya kumchagua yeye haikuhitaji mjadala mrefu. Katika mtaa wetu ni nadra kupata nyumba isiyo na mtu aliyekwenda Uarabuni, anayejiandaa kwenda, au aliyerudi na habari asizopenda kuzisimulia. Nasi tulitaka kumjua mwandishi ambaye watu wake wamepita njia hiyo hiyo kwa wingi kuliko sisi na ambaye ameiandika riwaya baada ya riwaya.

Mpango wa awali niliouandika ubaoni ni huu: maisha yake, kisha riwaya yake mashuhuri, kisha riwaya nyingine, kisha mafunzo kwetu. Kichwa cha muda ni "Mwandishi wa Mateso ya Jangwani". Hatutatafsiri sura yoyote ya vitabu vyake, kwa kuwa hatuna ruhusa ya wachapishaji. Tutasimulia na kueleza kwa maneno yetu, tukitegemea tafsiri za Kiingereza na msaada wa msomaji mmoja wa Kimalayalam ambaye nitamweleza baadaye.

17 Januari

Sehemu ya maisha imekamilika kwa kurasa 5. Benyamin ni jina la kalamu. Jina lake ni Benny Daniel. Alizaliwa mwaka 1971 katika kijiji cha Kulanada, karibu na mji wa Pandalam, wilaya ya Pathanamthitta, katika jamii ya Wakristo wa Kerala ambao makanisa yao ni ya kale mno. Mwaka 1992, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikwenda Bahrain kufanya kazi, akakaa huko mpaka mwaka 2013 aliporudi kwao.

Nimetumia muda mwingi katika jambo moja ambalo nadhani ndilo kiini cha sura hii: Benyamin hakwenda Bahrain akiwa mwandishi. Alikwenda kama waendavyo vijana wote, kutafuta riziki, na kwa maelezo yake mwenyewe ni upweke wa huko uliomtia katika kusoma, na kusoma ndiko kulikomtia katika kuandika. Tumezoea kudhani kwamba ugenini humnyang'anya mtu lugha yake. Huyu aliikuta lugha yake ugenini, jioni baada ya kazi, katika vitabu vya Kimalayalam vilivyokuwa vikizunguka mikononi mwa wenziwe. Bahrain ina chama cha watu wa Kerala kilichoanzishwa mwaka 1947, yaani kabla jimbo lenyewe la Kerala kuundwa mwaka 1956, na jamii iliyokaa ugenini muda mrefu kiasi hicho huwa imekwisha kujijengea maktaba, majukwaa na wasomaji.

Mkusanyiko wake wa hadithi fupi uitwao Euthanasia ulitoka mwaka 2000. Riwaya iliyolieneza jina lake, Aadujeevitham, ilichapishwa mwaka 2008 na Green Books ya mjini Thrissur, ikapata Tuzo ya Akademia ya Fasihi ya Kerala ya mwaka 2009, na tangu hapo imechapishwa upya zaidi ya mara 100. Tafsiri ya Kiingereza ya Joseph Koyippally ilitolewa na Penguin mwaka 2012, na ndiyo ninayoisoma.

21 Januari

Nimeongeza ukurasa mmoja wa takwimu, kwa kuwa mwenzangu mmoja aliuliza kama habari hizi ni za watu wachache tu. Uchunguzi wa Uhamaji wa Kerala, ulioanzishwa na Kituo cha Masomo ya Maendeleo cha Thiruvananthapuram mwaka 1998, ulionyesha mwaka 2018 kwamba watu wapatao milioni 2.1 wa jimbo hilo walikuwa nje ya India, na karibu 9 katika kila 10 kati yao walikuwa katika nchi za Ghuba. Takwimu zinatosha hapo. Sitaki kijitabu kigeuke kuwa ripoti.

26 Januari

Nimekutana kwa mara ya kwanza na msaidizi wetu wa Kimalayalam, sista wa hospitali moja hapa mjini, mwenyeji wa Kerala, ambaye amekubali kukaa nami saa moja kila Jumapili alasiri. Leo tulifanya kazi juu ya neno moja na kichwa kimoja cha kitabu, na saa moja haikutosha.

Neno lilikuwa "pravasi". Ndivyo watu wa Kerala wanavyomwita mwenzao anayeishi mbali na kwao, hasa aliye Ghuba, na maandishi yanayotokana na maisha hayo wameyapa jina la fasihi ya pravasi. Nilimweleza kwamba sisi husema "mtu wa ughaibuni", na kwamba ndani ya neno hilo limo "ghaibu", yaani kisichoonekana, kilichofichika machoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, la kwenu linasema kweli zaidi. Letu linasema tu kwamba mtu yuko mbali. La kwenu linasema kwamba haonekani." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa sababu nahisi nitayahitaji.

Kisha tukaja kwenye kichwa, Aadujeevitham. "Aadu" ni mbuzi na "jeevitham" ni maisha, na maneno hayo mawili yameunganishwa bila kiungo chochote katikati, hivi kwamba msomaji wa Kimalayalam hasemewi kama ni maisha pamoja na mbuzi, maisha ya kuchunga mbuzi, au maisha ya mtu aliyekuwa mbuzi. Kiingereza kimechagua "siku za mbuzi". Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika "Maisha ya Mbuzi", lakini kwa Kiswahili hayo ni maisha ya mnyama mwenyewe, kama kichwa cha kitabu cha sayansi ya darasa la tano. Tumekubaliana juu ya "Maisha ya Kimbuzi". Kiambishi kile kidogo cha ki- kinabeba namna ya kuishi: mtu anabaki kuwa mtu lakini anakula kimbuzi, analala kimbuzi, na anahesabiwa kimbuzi.

2 Februari

Muhtasari wa riwaya umeandikwa mara tatu na kufutwa mara mbili. Ugumu wake ni kwamba hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia, na wepesi huo unaipunja.

Najeeb ni kijana Mwislamu wa Kerala ambaye kazi yake ni kuchota mchanga mtoni. Anasikia kuna visa inauzwa, anakopa, anaweka rehani dhahabu ya mkewe, Sainu, ambaye ni mjamzito, na anasafiri pamoja na kijana mdogo aitwaye Hakeem mpaka uwanja wa ndege wa Riyadh. Hakuna anayewapokea. Baada ya kusubiri sana anakuja mzee mmoja Mwarabu na gari bovu, anatazama pasipoti zao, anawapakia, na anawapeleka usiku jangwani, kila mmoja kwenye zizi lake. Pale Najeeb anakaa zaidi ya miaka mitatu akichunga mbuzi, kondoo na ngamia, akila mkate mkavu uliochovywa majini, bila mshahara, bila kitanda, na bila mtu wa kuzungumza naye lugha yake.

Mwandishi hakuanzia hapo. Ameanzia mwishoni, mjini Riyadh, mbele ya kituo cha polisi cha mtaa wa Batha, ambapo Najeeb na mtoro mwenziwe, Hameed, wanapita huku na huku wakijaribu kukamatwa, na polisi hawawajali. Msomaji anashangaa ni watu gani hawa wanaoitafuta jela. Jela ndiyo njia pekee ya kurudishwa kwao kwa mtu asiye na karatasi, na baada ya kurasa kadhaa tunaelewa pia kwamba jela ina chakula, maji, kivuli na watu. Nimewaeleza wenzangu kwamba mpangilio huu ni uamuzi mkubwa wa kisanaa: tangu ukurasa wa kwanza tunajua kwamba mtu huyu ameokoka, kwa hiyo hatusomi kwa hofu ya kufa kwake, tunasoma ili tujue ni kitu gani kinachoweza kuifanya jela iwe faraja.

Na kuna jambo ambalo halikunijia mpaka nilipokuwa nikiandika kwa mara ya tatu. Mtu huyu alikuwa mchota mchanga. Maisha yake yote kabla ya safari aliuinua mchanga kutoka chini ya maji, mwili umelowa, na sasa ametupwa kwenye mchanga usio na tone la maji.

9 Februari

Tatizo la leo ni neno "arbab", ambalo Najeeb analitumia kumwita bwana wake, na ambalo ndilo neno la kawaida la mwajiri kwa vibarua wengi wa Ghuba. Nilikuwa na maneno manne mezani: bosi, tajiri, bwana, kafili. "Bosi" ni la ofisini. "Tajiri" lingefaa, maana wazee wetu walilitumia kwa mwajiri, ila vijana watafikiria fedha tu. "Kafili" ni la kisheria, na limezoeleka sana hapa kwetu kwa wale waliokwenda: ni yule ambaye jina lake limo katika kibali chako cha ukaazi, na ambaye kwa muda mrefu, chini ya mfumo wa kafala, bila idhini yake hungeweza kuhama kazi na katika baadhi ya nchi hungeweza hata kutoka nchini.

Nimeliacha lilivyo, "arbabu". Neno hili asili yake ni wingi wa "rabb" katika Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili ambaye kila siku husikia "Ya Rabi" katika dua atasikia mlio wake bila kuambiwa na mtu. Najeeb ni mcha Mungu, na katika riwaya nzima anamwomba Mola wake huku akimwita mtu mwingine arbabu, na maneno hayo mawili yanatoka katika shina moja. Siwezi kusema kama mwandishi alilikusudia hilo kwa wasomaji wake wa Kerala. Kwa wasomaji wangu litasikika, na mimi sitalizima kwa kuandika "bosi".

16 Februari

Nimemsomea Mama Mkubwa kurasa 12 za rasimu. Alifanya kazi za ndani katika mji mmoja wa Ghuba tangu mwaka 1994 hadi 1999, na mpaka leo habari zake za huko tunazijua kwa vipande. Nilimwomba asikilize kama msikilizaji tu, anikosoe Kiswahili.

Nilipofika kwenye tukio la asubuhi ya kwanza jangwani, akaniinulia mkono nisimame. Katika tukio hilo Najeeb amejisaidia nyuma ya kichuguu cha mchanga, akataka kujisafisha kwa maji ya pipa, na arbabu akamjia mbio na kumchapa mkanda, kwa kuwa maji yale ni ya mbuzi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba alipigwa kwa sababu alitaka "kuoga". Mama Mkubwa akasema, "Mwanangu, usiandike kuoga. Kuoga mtu anaweza kukosa wiki nzima akaishi. Huyu alikatazwa kustanji. Ukiandika kuoga, watu watadhani amenyimwa starehe."

Nimesahihisha. Katika riwaya hilo ndilo pigo la kwanza, nalo linakuja kabla ya njaa na kabla ya upweke, kwa sababu linamvua mtu usafi alioujua tangu utotoni na pamoja nao linamvua uwezo wa kusimama kwenye sala.

Baada ya hapo Mama Mkubwa alisema jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi, msala, yaani choo, ulikuwa ukifungwa usiku na ufunguo ukilala chumbani kwa bibi wa nyumba. Yeye aliweka chupa moja ya plastiki chini ya kitanda, ya lita moja na nusu, akiijaza jikoni wakati wa kuosha vyombo vya chakula cha usiku na kuifunika kwa kanga. Maji yale yalikuwa ya haja ya usiku na ya udhu wa alfajiri, na ilimpasa kuyagawa kwa kipimo. "Chupa ile ndiyo iliyokuwa sitara yangu," alisema. Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya katika shajara, bila jina la mji wala la familia ile, akaniruhusu.

Nikamuuliza kama kwenye kanda alizokuwa akituma nyumbani, zile kaseti tulizokuwa tukizisikiliza sote sebuleni, aliwahi kugusia jambo kama hilo. Akacheka kidogo. Kila kanda ilianza kwa "mimi mzima wa afya, sina wasiwasi ila juu yenu". Najeeb naye, akiwa jangwani bila karatasi wala kalamu, anamtungia Sainu barua kichwani, na katika barua hizo yeye ni mtu anayekula vizuri na kulala pazuri.

23 Februari

Sehemu ya mbuzi. Hii ndiyo sehemu niliyoiogopa, na ndiyo niliyoipenda.

Najeeb anapokosa watu, anawapa mbuzi majina ya watu wa kijijini kwao: huyu ana mwendo wa fulani, yule ana jicho la fulani. Kwa njia hiyo anajijengea mtaa mzima ndani ya zizi, wakiwemo wale aliokuwa akigombana nao na wale aliowatamani. Mwandishi anasimulia haya kwa upole na hata kwa furaha kidogo. Mbuzi mmoja dume, ambaye Najeeb alikuwepo alipozaliwa, anampa jina la Nabeel, yaani jina ambalo yeye na mkewe walikuwa wamemchagulia mtoto wao mtarajiwa.

Kisha siku inafika ya kuhasi madume. Arbabu anachagua nani abaki beberu na nani awe maksai, na Nabeel anaangukia upande wa maksai licha ya Najeeb kumsihi. Anayemkamata mbuzi ili ahasiwe ni Najeeb mwenyewe, na tangu siku ile anahisi kwamba na wake uume umekwenda. Lugha yetu ina maneno yote yanayohitajika hapa. "Beberu" na "maksai" wafugaji huyatamka kila siku bila kufikiri. Nimeyatumia bila kuyapamba, na niliposoma kwa sauti kikundini, chumba kizima kilikaa kimya.

1 Machi

Umeme ulikatika jana usiku, nikapoteza kurasa 4 ambazo sikuwa nimezihifadhi. Nimeziandika upya leo asubuhi.

8 Machi

Leo nimeandika juu ya Ibrahim Khadiri. Katika mpango wa awali hakuwemo hata kwa jina.

Ibrahim Khadiri ni Msomali. Analetwa kwenye zizi la jirani, alipo Hakeem, na ndiye anayewatorosha vijana wawili wa Kerala usiku ambao maarbabu wamekwenda harusini. Anajua jangwa, anajua kulisoma, anajua wakati wa kutembea na wakati wa kulala. Hakeem anafia njiani kwa kiu, kwa namna ambayo sitaieleza humu. Khadiri anambeba na kumvuta Najeeb mpaka karibu na barabara kuu, na kabla ya wokovu kufika anatoweka. Najeeb anaamka na hamwoni, anamtafuta, na hampati tena. Katika macho ya Najeeb mtu huyu anakuwa karibu na nabii, mfano wa Musa anayewavusha watu asifike mwenyewe.

Sista aliniambia kwamba kwao wasomaji wengi humwona Khadiri kama ishara ya rehema ya Mungu, na nadhani riwaya inaruhusu usomaji huo. Sisi tunaoishi jirani na Somalia, tunaosali nao safu moja na kununua kwenye maduka yao, hatuwezi kumwona kama ishara tu. Yeye ndiye mtu wa Afrika Mashariki katika kitabu hiki, naye pia aliletwa kuchunga mifugo ya mtu mwingine. Benyamin amempa mtu wa upande wetu nafasi ya juu kabisa katika hadithi, kisha akamwacha apotee bila kaburi wala habari, kama wanavyopotea wengi. Nimemwongezea kurasa 3.

17 Machi

Leo nimebadilisha kichwa cha kijitabu, na kwa hiyo nimebadilisha mpango mzima. Naeleza kwa nini, ili wenzangu waone si pupa.

Katika maneno ya mwisho ya riwaya, mwandishi anaeleza jinsi alivyoipata habari hii: rafiki alimsimulia juu ya mtu mmoja aliyeko Bahrain, akaenda kumtafuta, akakaa naye na kumuuliza mpaka vile vitu vidogo vidogo ambavyo mwenyewe hakutaka kuvirudia. Maana yake ni kwamba mwandishi wa Aadujeevitham hakuwahi kulala zizini. Alikuwa pravasi mwenye kazi na paa, na mtu yule alikuwa akiishi katika kisiwa hicho hicho. Siku zote nimekuwa nikiandika kama kwamba Benyamin ni shahidi wa mateso yake mwenyewe, na kichwa changu kilisema hivyo. Nilikosea. Yeye ni jirani aliyekwenda kuuliza.

Nikilitazama hivyo, mambo mengi yanajipanga. Kauli iliyotangulizwa kwenye riwaya inasema kwamba maisha tusiyoyapitia huwa kwetu ngano tu, na nilikuwa nikiisoma kama onyo kwa msomaji. Sasa naiona kuwa ni jambo alilojiambia mwandishi kwanza. Tena yeye Mkristo amemwandika Mwislamu kutoka ndani, kwa dua zake na udhu wake, na Mama Mkubwa, ambaye si mwepesi wa kusifu, hakuona penye kasoro. Hata lile tukio la jela ya Sumesi, ambako Najeeb anafungwa mwishowe, limejengwa juu ya kuonana. Kila wiki wafungwa husimamishwa mstari ili makafili waje kuwatambua watu wao waliotoroka. Arbabu wa Najeeb anakuja, anapita mbele yake, anamgusa begani, na anaondoka. Baadaye Najeeb anasikia kwamba yule mzee alisema angemburura kumrudisha, ila hakuwa na visa yake. Yaani kwa miaka yote ile Najeeb hakuwa hata mtumishi wake kisheria. Alichukuliwa uwanja wa ndege kama mzigo usio na mwenyewe.

Kichwa kipya ni "Walioghibu". Nimemwandikia sista kumwambia kwamba neno lake la Januari limeingia kwenye jalada.

25 Machi

Sura ya riwaya pacha. Benyamin alipokuwa Bahrain, mwezi wa Februari 2011, waandamanaji walikusanyika katika Mzunguko wa Lulu mjini Manama, na mwezi uliofuata mkusanyiko ulivunjwa kwa nguvu na mnara wa lulu wenyewe ukabomolewa. Mwaka 2014, akiwa amekwisha kurudi Kerala, alitoa riwaya mbili kwa pamoja, na katika zote mbili mji unaosimuliwa hautajwi jina.

Ya kwanza, inayojulikana kwa Kiingereza kama Jasmine Days, inasimuliwa na Sameera Parvin, msichana wa Kipakistani anayetangaza redioni, ambaye baba yake ni askari wa serikali ya nchi ile. Mapinduzi yanapoanza, rafiki yake Ali yuko upande wa wanaoandamana. Sameera hana kura wala uraia, lakini mkate wa nyumbani kwao unatoka mkononi mwa dola ambayo Ali anataka iondoke. Katika riwaya ya pili, The Al Arabian Novel Factory, mwandishi wa habari mwenye asili ya Kerala anayeishi Kanada anakuja katika mji huo kukusanya habari kwa ajili ya mwandishi mashuhuri, na anakuta kwamba kuna kitabu cha msichana mmoja ambacho hakuna anayetaka kukitaja. Kitabu hicho ndicho riwaya ya kwanza. Jasmine Days, kwa tafsiri ya Shahnaz Habib, ilipata Tuzo ya JCB, tuzo ya fasihi ya India, ya mwaka 2018, ambayo ndiyo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza, yenye thamani ya rupia 2,500,000.

Mwenzangu mmoja amelalamika kwamba riwaya hizi hazimtoi machozi kama ile ya jangwani. Ni kweli. Nadhani zinaumiza mahali pengine. Najeeb hakumdhulumu mtu. Sameera anaishi ndani ya dhuluma asiyoianzisha, akila matunda yake, na anaipenda familia inayoilinda. Mgeni aliyezoea kusema "siasa zao hazinihusu" ataisoma riwaya hii kwa shida, na wageni wengi tumewahi kusema hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kusema, katika miaka yangu 2 ya kazi nje ya nchi, na niliisema kwa urahisi.

3 Aprili

Riwaya za kijijini nimezipa ukurasa mmoja na nusu. Benyamin ameandika pia juu ya kijiji cha Manthalir, yakiwemo magomvi ya makanisa na baadaye miaka ya ukomunisti, na riwaya ya pili kati ya hizo, iliyotoka 2017, ilimpatia Tuzo ya Vayalar, tuzo ya fasihi ya Kimalayalam, mwaka 2021. Zina ucheshi ambao riwaya za Ghuba hazina. Kwa kuwa hazijapita mikononi mwetu kwa lugha tunayoisoma, nimezitaja na kuendelea.

Filamu iliyotokana na Aadujeevitham nayo nimeipa aya moja. Blessy aliiongoza, Prithviraj Sukumaran akaigiza Najeeb, sehemu kubwa ya jangwani ilipigwa Wadi Rum nchini Jordan, ambako mwaka 2020 wasanii na mafundi walikwama kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na ikaonyeshwa kuanzia 28 Machi 2024, miaka 16 baada ya riwaya.

12 Aprili

Rasimu kamili ina kurasa 43. Nimekata sehemu ya "mafunzo kwetu" yote. Baada ya kusoma kurasa za Khadiri na za Sameera, nilipoirudia niliona inasema kwa sauti kubwa yale ambayo kurasa hizo zimekwisha kuyafanya. Mahali pake nimeweka orodha fupi ya maneno: arbabu, kafili, pravasi, maksai, zizi, kustanji. Sista amekagua matamshi ya majina ya Kimalayalam na kusahihisha mawili.

19 Aprili

Usomaji wa mwisho nyumbani kwa Mama Mkubwa, baada ya Isha. Alisikiliza kwa saa 2 na nusu, akiwa na tasbihi mkononi, na safari hii hakunisimamisha hata mara moja. Nilipomaliza sehemu ambapo Najeeb na wafungwa wenziwe wanaongozwa kupanda ndege ya kurudi kwao, wakisukumwa safu kwa safu, naye anaukumbuka mlango wa zizi, nilidhani atasema kitu juu ya kurudi kwake yeye. Aliuliza habari ya mtu mwingine.

"Yule Msomali, kwao walipata habari?"

Nikamjibu kwamba kitabu hakisemi.

"Basi na wewe usiseme," akasema. "Lakini jina lake liandike kamili."

Nimerudi nikapitia kurasa zile 3. Katika sehemu 7 nilikuwa nimeandika "yule Msomali" au "mwenzao". Zote nimezibadilisha kuwa Ibrahim Khadiri. Kijitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu, nakala 200 za kuanzia.